Muulize Fundi: Pesa za karafuu, TV ipi?

SWALI: Assalaam alaykum Fundi. Msimu huu Mungu ametujaalia, tumechuma na kuuza karafuu, na baada ya kulipa madeni na kushona sare za skuli nimebakiwa na laki sita na nusu. Nataka televisheni. Mjini Chake Chake nimeziona tatu: LED mpya ya inchi 32, LED mpya ya inchi 43 ambayo itazimaliza karibu pesa zote, na OLED ya mtumba ya inchi 55 ambayo mwenye duka yuko tayari kunipa kwa hizo hizo. Shemegi yangu anasema nichukue OLED na nisiulize. Mwanangu wa kidato cha pili anasema nisubiri nipate QLED, eti ni kitu kimoja na OLED. Mama mkwe wangu tunakaa naye, macho yamempungua nguvu, na yeye ndiye mtazamaji mkubwa: habari na kaswida mchana kutwa, stesheni ile ile. Ukumbi wetu hupigwa jua la asubuhi mlangoni. Tunakaa mkekani, kiasi cha mita mbili na nusu kutoka ukutani.
*Mama wa watoto wanne, Mtambile, Pemba*

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Chukua LED ya inchi 43. Nalitanguliza jibu kwa sababu najua pesa ya karafuu haikai ndani, lakini usiende dukani kabla hujasoma mpaka mwisho, maana hata hiyo 43 kuna ya kuchukua na ya kuiacha pale pale.

Nianze na mwanao, kwa kuwa kosa lake ni la watu wengi. Herufi Q na O zinafanana kwenye boksi, vitu vyenyewe ni mbali mbali. LED ya dukani ni kioo cha vipazia vidogo sana, mamilioni, na nyuma yake kuna taa zinazowaka muda wote. Kipazia kikifunguka mwanga unapita, kikifunga unazuilika, ila hauzuiliki wote. Ndiyo maana ukitazama mchezo wa usiku, giza lake huwa la kijivu. QLED ni kioo hicho hicho na taa hizo hizo. Kilichoongezwa ni karatasi yenye chembe ndogo mno zinazogeuza mwanga wa buluu kuwa mwekundu na wa kijani ulio safi. Ni elimu kubwa, waliozigundua chembe hizo walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023, na rangi zake kweli hupendeza. Lakini kwa bei yake, kwako isubiri.

OLED haina taa nyuma. Kila nukta ni kibatari chake: ikitakiwa nyeusi, kibatari kinazimwa, na giza linakuwa giza hasa. Shemegi yako hakukosea, kwa picha ya usiku katika chumba chenye giza sijaona inayoishinda. Ila vibatari hivyo hutengenezwa kwa mata inayochakaa kwa kuwaka, na penye kuwaka sana ndipo panapochakaa mwanzo. Alama ya stesheni iliyokaa pembeni kwa muda wa saa nane kila siku huacha kivuli chake kwenye kioo, na kivuli hicho hakifutiki.

Mwaka jana niliwekewa mezani OLED ya mtumba. Ilipoonyesha filamu, sote karakanani tulinyamaza kwa uzuri wake. Nikaiwekea picha ya kijivu kitupu. Juu kuliani ikatokea alama ya stesheni ya habari ya huko ilikotoka, na chini mkanda wa maandishi kutoka ukingo hadi ukingo. Mwenyewe alikuwa kaifuata kwa boti hadi Unguja. Nilimrudishia bila ya kumlipisha, kwani sikuwa na la kumfanyia, na iliniuma, kwa sababu jaribio hilo la kijivu angeweza kulifanya dukani kwa dakika moja. Sasa fikiri mama mkwe wako, stesheni moja mchana kutwa, juu ya kioo kilichokwishatumika. Tena ukumbi wenye jua mlangoni unahitaji mwanga mwingi kutoka kwenye kioo, na hapo LED nzuri ndiyo yenye nguvu. Na OLED ikifa kioo, hapa Pemba sijapata kukiona kinauzwa peke yake.

Kwa nini 43 na si 32? Kwa ajili ya macho ya bibi. Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, lakini jicho linaona eneo, na eneo la 43 ni kubwa kuliko la 32 kwa takriban mara moja na robo tatu. Maandishi ya chini kwenye habari, kwa mita mbili na nusu, kwenye 32 yatamchosha. Chukua futi ya fundi cherehani uende nayo: kioo chenyewe, bila fremu, kiwe kama sentimita 109 kutoka pembe hadi pembe. Bibi kama huyu anastahili kuona vizuri. Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwaka 1973, Bara wakasubiri hadi 1994, na mimi ni katika watoto waliosimama dirishani kwa jirani kuchungulia. Wazee hawa walikuwa na kitu hiki mapema kuliko wengi.

Ukiambiwa uongeze pesa kwa sababu TV fulani ni 4K, yaani yenye nukta nyingi zaidi, usiongeze. Nukta 1920 kwa 1080 zinatosha kabisa kwa inchi 43 na umbali wako, na stesheni anazotazama bibi hazirushwi kwa 4K. Neno HD peke yake lakini liulizie, kwani baadhi ya hizo zina nukta 1366 kwa 768 tu. Hizo ni za inchi 32. Kwenye 43 utaona ukungu.

Sasa dukani. Mwanao akutilie kwenye flashi picha nne: nyeusi tupu, nyeupe tupu, kijivu na nyekundu. Kwenye nyeusi angalia pembeni kama mwanga unavuja. Kwenye nyeupe, kijivu na nyekundu tafuta madoa na nukta zilizokufa. Iache iwake nusu saa, muuzaji akikasirika nenda duka la pili. Kisha, na hili wengi hawalifanyi, kaa chini. Nyinyi ni watu wa mkekani, na kuna vioo ambavyo ukivitazama kutoka chini au ubavuni nyuso zinapauka. Chuchumaa pale pale dukani, sogea kushoto, sogea kulia. Ikipauka, iache. Na nyumbani usiitundike juu kama saa ya msikitini.

Utaonyeshwa pia za vioo viwili, zenye kioo kigumu cha kulinda mbele. Kama wanao wanacheza mpira ndani, ina maana, kwa sababu kioo cha ndani kikipasuka bei yake inakaribia TV nzima. Lakini kitakurudishia jua la mlangoni kama maji ya bahari, basi iweke ukuta ambao haukabili mlango.

Bakisha pesa ya gadi ya umeme, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu moto kuingia. Kabla ya 2010, wakati Pemba inaendeshwa kwa majenereta ya dizeli, nilikuwa napokea redio na TV zilizoungua kila wiki. Ulipoletwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga zikapungua, hazikwisha. Inayoua si kukatika kwa umeme, ni kurudi kwake. Kukiwa na radi chomoa plagi, na waya wa antena pia.

La mwisho, TV mpya mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa na mwanga wa juu. Ushushe hadi sitini kwa mia, umpandishie bibi asubuhi jua likiwa mlangoni. Taa za nyuma zimeungwa kwa mfuatano, ikiungua moja mara nyingi safu nzima huzimika: sauti unaisikia, picha huioni. Likitokea hilo, mulika kioo kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu, kioo ni kizima, niletee, zinabadilishwa kwa pesa ndogo.

SWALI: Fundi, nimepata plasma ya mtumba, inchi 42, laki na nusu. Nataka kwa ajili ya mpira tu. Nichukue?
*Kijana wa Jang'ombe, Unguja*

JIBU: Plasma ni TV ambayo kila nukta yake ni kichupa kidogo cha gesi kinachowaka; kwa mpira haiburuti picha, na nimewahi kuipenda. Lakini viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza mwaka 2013 na 2014, kwa hiyo yako ni mzee. Hula wati 250 hivi, LED ya ukubwa huo wati 70. Ukitazama saa tano kwa siku, kwa mwezi ni tofauti ya uniti 27 kwenye tukuza yako, mita ya umeme wa kulipia kabla. Piga hesabu kwa miezi sita, utaona laki na nusu si bei yake yote.

Ukiwa bado unaitaka, igeuze nyuma usome kibao. Mitumba ya Japani mingine imeandikwa 100V peke yake, yaani umeme mdogo kuliko wetu, na hata kipokea mawimbi chake hakishiki matangazo yetu. Ukiikuta hivyo, usiichomeke ukutani, hata kwa kujaribu.