Kabla ya Kuacha Dizeli, Hesabu Kwanza Safari Zako

Wiki iliyopita niliendesha gari la umeme kilomita 610 kwa siku moja, nikafika jua halijazama, betri imebaki na asilimia 29. Nilipiga picha dashibodi nikiwa bado kwenye kiti, hata mkanda sijafungua, nikamtumia shemeji yangu. Yeye anajua kwa nini nilimtumia yeye kwanza.

Usiku huohuo nikakuta ujumbe wa msomaji mmoja: "Dada, nina gari la dizeli, naenda nalo kazini kila siku na mara chache nasafiri mbali. Kila mtu ananiambia nihamie umeme. Nihame au nibaki?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikafuta. Swali hilo limenigharimu miaka na machozi, siwezi kulijibu kwa mistari miwili.

Nianze na dizeli, maana sitaki kuwa mwizi wa fadhila. Gari langu la dizeli lilinibeba miaka sita. Tanki lake lilichukua lita 60, na kwenye barabara kuu lilikunywa lita sita kwa kilomita 100. Piga hesabu mwenyewe: kilomita 1,000 bila kugusa pampu. Kazi yangu wakati ule ilikuwa ya safari, wiki haikupita bila kulala mji mwingine. Nilikuwa nikipakia watu watano na mizigo mpaka dirisha la nyuma halionekani, tukifika kwenye mlima injini iko kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika na tayari inavuta. Haipigi kelele, haihangaiki. Anayekwambia dizeli haina maana hajawahi kupanda mlima na mzigo.

Kisha maisha yakabadilika. Nikapata kazi karibu na nyumbani: kilomita nne kwenda, nne kurudi, na mtoto wa kupeleka shule katikati. Nilifurahi sana. Nilijua gari nalo litapumzika. Kumbe ndiyo lilianza kuumwa.

Taa ya njano iliwaka, nguvu zikapotea, gari likawa halivuki kilomita 60 kwa saa hata nikikanyaga mafuta mpaka chini. Gereji ya kwanza wakabadilisha nozeli zote nne, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini. Wiki mbili, taa ikarudi. Wakabadilisha sensa. Ikarudi tena. Mara ya tatu mwenye gereji akaniambia mbele ya wateja wengine, "Dada, gari halina tatizo, tatizo dereva." Nimeendesha magari zaidi ya miaka kumi na tano sijawahi kumgonga hata kuku. Neno lile bado linaniuma ninapoliandika hapa.

Fundi wa pili alikuwa mzee mtaratibu. Hakufungua boneti kwanza. Aliniuliza swali moja ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Mama, gari hili unaliendesha wapi?" Nilipomweleza, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kunisogezea. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama ya mwisho. Nilipoinusa, ilinuka dizeli.

Akanieleza kilichotokea. Magari ya dizeli ya siku hizi yana chujio kwenye ekzosi la kushika masizi, lile mafundi wanaloliita DPF. Chujio likijaa, lazima lijisafishe kwa kuyachoma masizi yale, na joto linalotakiwa ni kama nyuzi 600. Ili kufika huko injini inamwaga dizeli ya ziada, na gari linatakiwa liwe kwenye mwendo mzuri kwa dakika kama ishirini mfululizo. Mimi kwenye kilomita nne zangu nilikuwa nazima injini kabla haijapata hata joto la kawaida. Kila ilipoanza kujisafisha nilikuwa naikata katikati, na ile dizeli ya ziada ikawa inateremka taratibu kwenye oili. Masizi yanabaki, oili inakuwa nyepesi, taa inawaka. Nozeli zangu nne hazikuwa na kosa lolote.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nalirudia kila siku: hesabu safari zako. Gari langu lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni safari.

Nikaliuza (nilimwambia mnunuzi kila kitu, naye alikuwa mtu wa barabara kuu, mpaka leo analipenda), nikanunua la umeme lenye betri ya kilowati-saa 60, yaani uniti 60 za umeme. Kwa kazi ya kila siku sina la kusema ila shukrani. Nalichomeka usiku, asubuhi liko tayari. Nikiachia pedali, mota inageuka jenereta, mwendo unaopungua unarudi kwenye betri badala ya kupotea kama joto kwenye breki. Kwenye foleni, injini ya dizeli inaendelea kunywa ikiwa imesimama. Mota ya umeme ikisimama imesimama kweli, zinazokula ni taa, redio na kiyoyozi tu. Na kilomita nne haziidhuru hata kidogo. Ipo pia habari ya hewa. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mimi nilikuwa namsubiri mwanangu langoni mwa shule injini ikinguruma, watoto wote wakipita nyuma ya gari. Nikikumbuka najisikia vibaya.

Sasa niwaambie aibu yangu.

Miezi mitatu baada ya kununua, tulikuwa na shughuli ya familia, kilomita 340 kutoka kwangu. Kwenye karatasi ya gari imeandikwa kilomita 450 kwa chaji moja. Nikasema, 340 si kitu. Nikatoka na chaji kamili, kiyoyozi kinapuliza, mizigo imejaa, mguu umezoea dizeli: 120 kwa saa tangu mwanzo. Asilimia zikawa zinashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Nikajipa moyo kwamba kwenye kilomita ya 240 kuna kituo cha kuchajia. Nilikuta skrini yake nyeusi, kebo inaning'inia, mlinzi ananiambia kimekufa tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nimebaki na asilimia 16 na kilomita 100 mbele yangu.

Niliomba soketi ya kawaida ya ukutani kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa jirani. Umeme wa ukutani unaingia kidogokidogo. Asilimia moja ilikuwa inachukua dakika kama kumi na nane. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki saa tatu nzima natazama namba: 17, 18, 19. Mtoto amelala ndani ya gari, simu inaita, shughuli imeanza bila mimi. Nilipofikisha 26 nikaondoka kwa mwendo wa 70, nimezima kiyoyozi, malori yananipigia honi. Nilifika giza limeingia, vyombo vinaoshwa. Kwenye kundi la familia shemeji alikuwa ameshaandika, "Nilisema, hilo ni gari la kuzungukia uwanjani." Watu kumi na wanne wakacheka. Niliwahesabu.

Kosa lilikuwa langu, lakini halikuwa kosa la kununua gari la umeme. Sikujua hesabu yake. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu kilowati-saa 10. Maana yake betri yangu nzima, kilo mia kadhaa za betri, inabeba nishati ya lita sita tu za dizeli! Lile tanki langu la zamani lilibeba mara kumi. Gari la umeme linafika mbali kwa sababu mota yake inageuza karibu umeme wote kuwa mwendo, wakati injini ya dizeli hata ikiwa kwenye hali yake nzuri zaidi inapoteza zaidi ya nusu kwa njia ya joto. Dizeli ina akiba kubwa inayofunika ubadhirifu. Umeme una akiba ndogo na hauna ubadhirifu, kwa hiyo ukileta ubadhirifu wako wewe, utauona papo hapo. Na ubadhirifu mkubwa kwenye barabara kuu ni mwendo: nguvu ya upepo unaokuzuia inapanda kwa kipeo cha pili cha mwendo (mwendo ukizidi mara mbili, upepo unazidi mara nne), hivyo ukitoka 90 kwenda 120 inakaribia mara 1.8. Ndiyo maana gari la umeme hung'ara mjini na hupungua barabara kuu, kinyume kabisa na dizeli.

Kuhusu karatasi, msiziamini, za umeme wala za dizeli. Mwaka 2015 Volkswagen ilibainika Marekani kuwa magari yake ya dizeli yalikuwa na programu iliyotambua kwamba yanapimwa, moshi ukawa msafi maabara na mchafu barabarani. Namba za umbali wa magari ya umeme hazina udanganyifu wa namna hiyo, lakini zinachanganya mwendo wa mjini na wa barabara kuu. Safari yako haichanganyi. Gari langu la kilomita 450 ni la kilomita 350 nikienda 95 mpaka 100, na chini ya 300 nikienda 120. Namba hiyo niliipata kwa kuandika kwenye daftari, si kwa kusoma tangazo.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilitoka nimejiandaa. Nilijua nakula kilowati-saa 17 kwa kilomita 100. Nilichagua vituo viwili, na kwa kila kimoja nikawa na cha akiba kabla yake. Nikapiga simu kuuliza kama vinafanya kazi, maana ramani haijui kama skrini imekufa. Nilifika cha kwanza kwenye kilomita 280 nikiwa na asilimia 21, nikachaji mpaka 80 kwa dakika arobaini, nikang'oa. Usisubiri mia kwenye chaja ya kasi: betri ikikaribia kujaa inapokea polepole, kama mtungi unaoujaza mpaka shingoni, lazima upunguze bomba. Cha pili dakika ishirini na tano zilitosha. Saa moja na dakika tano za kusimama kwa siku nzima, na humo tulikula na kuswali.

Shemeji alijibu picha yangu kwa swali moja: "Ulisimama mara ngapi?" Nikamwambia ukweli. Dizeli yake isingesimama hata mara moja, na hilo silikatai.

Jamani, tuache kununua magari kwa ajili ya macho ya watu. Unanunua dizeli kubwa kwa sababu ya safari moja ya mwisho wa mwaka, siku zilizobaki unaliua chujio lake kwenye foleni. Mwingine ananunua umeme kwa sababu bosi kanunua, na kazi yake ni kuvuta tela kila wiki kwenye njia isiyo na chaja hata moja. Huyo abaki na dizeli, abadilishe oili kwa wakati, asione haya. Ila ukiwa na mahali pa kuchaji unapolala, na safari zako nyingi ni fupi, umeme utakufaa hata kama mara chache utasimama njiani. Usipokuwa na mahali pa kuchaji unapolala, subiri. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu ndilo watu hawaniulizi.

Sasa wewe ndugu yangu uliyeniandikia. Chukua daftari, liweke kwenye gari. Kwa wiki nne andika kila jioni kilomita ulizotembea, na pembeni andika kama injini ilikimbia dakika ishirini bila kusimama. Kisha chomoa kijiti cha oili, gari likiwa limepoa na limesimama pasipo mteremko, uone oili imefika wapi kwenye alama zake. Nitumie hayo, nitakujibu.