Naishi peke yangu, usiku silali

SWALI: Nimepanga chumba kimoja Mbagala. Shoga yangu ana mshahara mkubwa, anaishi Mikocheni, naye peke yake, lakini analala fofofo. Ananiambia mimi ni mwoga tu. Ni kweli? Na kwa hela kidogo nifanye nini?
Mpangaji, Dar es Salaam

JIBU: Dada, shoga yako hana moyo wa chuma, ana choo ndani. Wewe ukibanwa saa nane usiku unafungua mlango na kuvuka ua wenye giza. Unashuka daladala na kukata vichochoro, mwenzio anashushwa getini. Akiibiwa simu, mwisho wa mwezi ananunua nyingine. Yako ndiyo benki, ndiyo mtaji. Pesa haiui hofu, inaihamisha tu: mwenye geti humhofia anayeshika funguo za geti. Nawe unacho asichonacho, majirani wanaosikia ukipiga kelele.

Anza na mlango. Kwenye fremu kuna kibati kinachopokea ulimi wa kitasa. Fungua skrubu yake moja uitazame. Mara nyingi ni fupi, haifiki hata inchi 1, na teke moja linaing'oa hata kitasa kiwe cha bei mbaya. Weka za inchi 3. Fundi atoboe kwanza kwa dirili, la sivyo mbao ngumu itapasuka au skrubu ikatike. Kisha makomeo mawili kwa ndani, juu na chini, maana kitasa hushika katikati tu na pembe za mlango hubaki zikicheza. Kufuli kwa ndani usiweke. Moto ukitokea gizani utatafuta ufunguo.

Kitasa kikiwa cha silinda, badilisha silinda peke yake, maana mpangaji aliyehama huenda bado ana ufunguo. Inashikwa na skrubu moja ubavuni mwa mlango. Nenda dukani na ile ya zamani ulinganishe urefu. Ikichomoza sana nje, mwizi anaivunja kwa koleo.

Taa ya njia ya chooni ndiyo huzua ugomvi kwenye nyumba za LUKU moja, wakati hesabu yake ni ndogo mno: balbu ya LED ya wati 5, ikiwaka kwa saa 12 kila usiku, siku 30, ni yuniti 1.8. Wapigie wenzako hesabu hiyo kabla ya kuchangishana. Ifungwe juu, mkono usifike. Mpaka hapo, ndoo yenye mfuniko chumbani si aibu.

Ila kama unayemhofia unamjua, mpenzi wa zamani au baba mwenye nyumba anayegonga usiku, komeo halitoshi. Mwambie mjumbe, kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi kabla hajagonga tena. Akiwa mlangoni, piga 112.