Kutoka Lushoto hadi Mtae kwa miguu: punguzeni mizigo

Mdogo wangu, umesema mko wanne, mnatoka Dar mwezi wa 7, siku tatu kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, huko milima ya Usambara, na kila mmoja ameshaandaa begi lake. Hapo ndipo pa kuanzia: kaeni pamoja mfungue mabegi yote sakafuni. Mtakuta sufuria nne, dawa za meno nne, tochi nne. Sufuria moja inawatosha, ila tochi kila mtu awe na yake.

Baridi msiichukulie kwa mazoea ya Dar. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai ukungu hushuka mapema. Sweta zito, kofia ya kufunika masikio, koti la mvua. Nguo za kulalia zibaki kavu, zisivaliwe njiani hata mkilowa.

Viatu vipya viacheni nyumbani, nakusihi. Mimi nilivaa vipya, na kabla hatujamaliza msitu wa Magamba kisigino kilikuwa na lengelenge la ukubwa wa shilingi. Nilitembea siku mbili nikiwa nimekanyaga kisigino cha kiatu kama kandambili.

Viazi na karoti mtanunua njiani, msivibebe kutoka mjini. Tafuteni mwenyeji wa kuwaongoza. Kijijini Rangwi, njiani, masista hupokea wageni, pigeni simu mapema. Mkifika Mtae, jioni hiyohiyo ulizeni saa ya basi la kurudi. Huondoka kabla hakujapambazuka.