Unajifunza Kiajemi? Anza na wakati uliopita

Mswahili anayeanza Kiajemi, mimi humshauri hivi: ukishazijua herufi, shika kwanza vitenzi vya wakati uliopita. Wakati uliopo usubiri. Huko mizizi hubadilika na lazima uikariri mmoja mmoja: didan (kuona) hugeuka bin, goftan (kusema) hugeuka gu.

Wakati uliopita hauna usumbufu huo. Chukua raftan, yaani kwenda. Ondoa -an, inabaki raft, na hiyo peke yake tayari ni "alikwenda". Ongeza -am upate raftam, nilikwenda, rafti, ulikwenda, kisha raftim, raftid na raftand kwa sisi, ninyi na wao. Kukanusha unatanguliza na-: naraftam, sikwenda. Kanuni ni hiyo hiyo kwa kila kitenzi. Kinachotaka mazoezi ni kusubiri mwisho wa neno ndipo umjue mtendaji, maana sisi tumezoea kumsikia mwanzoni.

Halafu jifunze kardan, kufanya, mapema kabisa. Waajemi huunda vitenzi vingi kwa kuweka nomino mbele yake, na nomino nyingi kati ya hizo zimetoka Kiarabu, kwa hiyo unazifahamu tayari. Safar kardam, nilisafiri. Fekr kardam, nilifikiri. Kinachonyambulika ni kardan tu. Kwa jioni moja unaweza kusimulia siku yako nzima, na ukishaweza kusimulia, hamu ya kuendelea haikatiki.

Sasa tuje kwenye ezafe, ile -e inayounganisha nomino na kinachofuata. Ketab-e Ali, kitabu cha Ali. Ketab-e bozorg, kitabu kikubwa. Hakuna ngeli. Hata kwenye wingi, ketabha-ye bozorg, kivumishi hakiguswi. Hiyo -ye ni -e ile ile baada ya irabu.

Ugumu wake ni kwamba kwa kawaida -e haiandikwi. Unaona "ketab bozorg" na ni juu yako kujua inaposomwa. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo napenda kukaa sana na wanafunzi. Tazama: ketab-e bozorg ni kitabu kikubwa, bado hujasema jambo. Ketab bozorg bud, bila -e, ni sentensi kamili: kitabu kilikuwa kikubwa. Kwa hiyo kitafute kitenzi kwanza, kule mwishoni, ndipo urudi nyuma kupanga vifungu.

Jaribu hii: diruz ketab-e bozorg-e baradaram ra khandam. Khandam, nilisoma. Ra inakuonyesha kilichosomwa kinaishia wapi. Kati ya diruz (jana) na ra kuna kifungu kimoja, kitabu kikubwa cha kaka yangu, chenye -e mbili zisizoonekana. Chukua penseli, tia kasra (kistari cha chini kinachoonyesha irabu e) kila mahali zinapostahili, kisha soma kwa sauti. Fanya hivyo kwa aya moja fupi kila siku, ukiwa na rekodi ya Mwajemi akiisoma aya hiyo hiyo ili ujisahihishe.