Kulizunguka Loch Kinord bila kulowa miguu

Kwa mtu anayeishi Aberdeen, Uskoti, na asiyependa kupanda milima, matembezi ninayoyapendekeza kabla ya mengine yote ni ya kulizunguka Loch Kinord, ziwa lililomo katika hifadhi ya taifa ya Muir of Dinnet, kati ya Aboyne na Ballater. Njia ina urefu wa takriban kilomita 6, karibu yote ni tambarare, nayo humrudisha mtu pale pale alipoanzia. Mimi huimaliza kwa saa mbili.

Urahisi huo ndio ulioniponza mara ya kwanza. Nilivaa raba za mjini, na kutoka maegesho ya Burn o'Vat nikakimbilia kwanza kuona Vat yenyewe, yaani shimo kubwa mfano wa chungu, lililochimbwa mwambani na maji ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka mwishoni mwa enzi ya barafu. Kuingia humo sharti upenye kati ya majabali huku ukikanyaga mawe ya kijitoni. Niliteleza, mguu ukazama hadi kifundoni, na ziwa zima nililizunguka soksi ikilia kama chura. Kwa hiyo zunguka ziwa kwanza. Vat iwe ya mwisho.

Upande wa kaskazini usipite haraka. Hapo umesimama msalaba uliochongwa kwenye jiwe la granaiti yapata karne ya 9, enzi za Wapikti (watu wa kale wa kaskazini mwa Uskoti), wenye nakshi zilizosukwa kama ukili, na jua la pembeni huzidhihirisha kuliko la adhuhuri. Ukigeukia majini utaona visiwa: kikubwa kilikuwa na ngome iliyobomolewa kwa amri ya Bunge la Uskoti mwaka 1648, na kile kidogo kilijengwa na watu.

Wakati wa kiangazi vaa suruali ndefu na ujikague kupe ufikapo nyumbani. Desemba anza asubuhi, kwa kuwa kufikia saa tisa na nusu alasiri jua huwa linazama.

Asiye na gari apande basi la kwenda Ballater, ashukie kijijini Dinnet na kuingilia njia ya ziwa kutokea huko. Tatizo ni kwamba Vat humwangukia katikati ya safari, basi asisahau soksi za akiba.