Kundi la WhatsApp la zahanati limetushinda. Tufanyeje wananchi washiriki kweli?

Swali: Mtaalamu, salaam. Mimi ni katibu wa kamati ya usimamizi wa zahanati katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza. Tulifungua kundi la WhatsApp ili wananchi watoe maoni kuhusu huduma na wajue kama dawa zipo. Sasa lina watu zaidi ya mia tatu. Kutwa ni salamu, bei za dagaa, tiba za kusambaziwa na lawama kwa mganga mfawidhi, hadi mwenyewe amejitoa. Juzi mtu katuma picha ya kadi ya kliniki ya mgonjwa. Je, ipo teknolojia nyingine ya mtandaoni ya kutusaidia? Uzingatie kwamba mtandao kwetu unakatika na wengi wana simu za kitochi.

Jibu: Ndugu Katibu, salaam nyingi kwenu huko mwambaoni. Kundi msilifunge. Mmelibebesha kazi mbili kwa pamoja: liwe baraza la mazungumzo, na papo hapo liwe daftari la kumbukumbu. Kwa kazi ya kwanza WhatsApp inafaa sana. Kwa ya pili haifai. Mama akiuliza Jumatatu kama dawa ya mseto ya watoto ipo, akajibiwa, kufikia Jumatano jibu limezikwa chini ya meseji mia mbili na mwingine anauliza upya. Anayeuliza mara ya tatu bila kujibiwa hukasirika, na lawama nyingi huanzia hapo. Watu wenu hawana nongwa. Wanakosa mahali ambapo neno lao likishasemwa linabaki, linaonekana na kila mtu, na lina mtu wa kulijibu.

Mahali hapo mnaweza kupajenga bila kununua programu yoyote. Fungueni jedwali moja la pamoja kwenye Google Sheets, kwa akaunti ya Gmail ya kamati na si ya mtu binafsi, maana makatibu hubadilika. Liwe na safu tano: tarehe, jambo lililoletwa, kitongoji lilikotoka, nani analishughulikia, na limefikia wapi. Ukurasa wa pili wa jedwali hilohilo uwe wa dawa na vipimo. Msiorodheshe kila kitu. Chagueni vichache ambavyo vikikosekana watu wanaumia: mseto, vipimo vya haraka vya malaria, ORS (chumvichumvi za kuongeza maji mwilini) na zinki za watoto wanaoharisha, sindano za uzazi wa mpango. Mbele ya kila kimoja andikeni "ipo", "inakaribia kwisha" au "imekwisha", na tarehe. Idadi kamili zibaki kwenye leja ya zahanati.

Wanaoandika wawe wawili tu: wewe na mganga mfawidhi, au mhudumu atakayemteua. Wawakilishi wa vitongoji wapewe ruhusa ya kuweka maoni pembeni. Wengine wote wasome kwa linki. Jedwali hutunza historia ya mabadiliko, kwa hiyo ninyi wenye ruhusa ya kuandika mtaona nani alibadili nini na lini, na toleo la zamani linaweza kurudishwa. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoiwezesha Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001, kuandikwa na watu wasiofahamiana: kila badiliko linaacha alama na kosa linasahihishwa hadharani. Ila ninyi msifungue uandishi kwa kila mtu kama wao. Wikipedia ina maelfu ya macho yanayoilinda, na kamati yenu ni watu wachache wenye shughuli zao.

Mkoa wa Kigoma ulishaonja jambo linalokaribiana na hili. Mwaka 2009 hadi 2010 mradi wa SMS for Life ulijaribiwa katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijagawanywa kuzaa Uvinza yenu. Vituo vilikuwa 129. Kila Alhamisi meseji ilifika kwenye simu ya mhudumu kuuliza dawa za malaria zilizobaki. Aliyejibu kwa wakati alipewa muda wa maongezi, na majibu yalionekana kwenye tovuti ya wasimamizi. Simu ya kawaida ilitosha. Ndani ya wiki 21, vituo vilivyoishiwa walau aina moja ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26 kwa wilaya zote tatu. Kigoma Vijijini peke yake ilitoka asilimia 93 hadi 47.

Hizo namba za Kigoma zitazameni vizuri. Ni maendeleo makubwa, lakini karibu nusu ya vituo bado vilikuwa na pengo, kwa sababu taarifa peke yake haipakii boksi la dawa kwenye boti. Ndiyo maana katika zile safu tano, ya "nani analishughulikia" naiona nzito kuliko zote. Ikibaki tupu, jedwali litakuwa ukuta wa malalamiko. Pia katika mpango ule mwananchi hakuwamo: taarifa ilitoka kwa mhudumu ikaenda wilayani. Hata leo taarifa ya mwezi ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, inapanda juu na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kutunza takwimu hizo, na mzazi anayekesha na mtoto mwenye homa hapo kijijini haioni. Ushiriki ninaoutetea mimi ni wa huyo mzazi kujua kilichopo, kusema kilichopungua, na kuona alichosema kimefika wapi.

Mganga mfawidhi mrudisheni, lakini kwanza msikilizeni. Anaogopa kwamba akiandika "imekwisha" ataambiwa ameiuza, na hofu hiyo ina msingi. Kamati isimame naye hadharani: upungufu ukiandikwa, pembeni yake iandikwe pia tarehe alipoagiza dawa na jibu alilopata. Watabibu wa nchi nyingine nao waliwahi kuhofia uwazi. Marekani mwaka 2010, katika mpango wa OpenNotes, madaktari 105 wa Boston, Pennsylvania na Seattle waliwafungulia wagonjwa wao zaidi ya 13,000 kusoma mtandaoni yale madaktari waliyoandika kuwahusu. Wengi walidhani maswali yatawazidi. Baada ya mwaka mmoja hakuna daktari aliyechagua kuacha.

Kwa wenye kitochi, mitandao yote hii haina faida kama haina mlango wa kuingilia. Kila kitongoji kichague mtu mmoja mwenye simu janja wa kupokea maneno ya wenzake, kwa mdomo au kwa meseji ya kawaida. Kila wiki, siku ileile, hali ya dawa inakiliwe kwa kalamu na kubandikwa zahanati na mwaloni. Mtandao ukikatika, wawakilishi wanaweza kutumia KoboToolbox, programu ya kukusanya taarifa kwa fomu: fomu fupi inajazwa simuni bila intaneti, kisha inatumwa mtandao ukirudi. Maswali yasizidi matano.

Sasa ile picha ya kadi. Hapa sina upole. Ifuteni leo, mwombeni radhi mwenye kadi, na aliyeituma aelezwe ana kwa ana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kijijini kila mtu anamjua mwenzake, kwa hiyo kuficha jina hakutoshi. Ukiandika "mama wa duka la pale mwaloni alikosa dawa zake za kila mwezi", umeshamtaja. Katika jedwali andikeni huduma, kamwe msiandike mgonjwa. Mtu mwenye jambo lake binafsi aende kwa mganga mfawidhi au apige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Dharura ya mjamzito au mtoto mchanga isipitie kwenye kundi kabisa: ni kupiga 115, namba ya bure ya dharura hizo.

Kuhusu tiba za kusambaziwa, tengeni kundi la pili la matangazo ambamo wasimamizi pekee wanaandika, na linki ya jedwali ikae humo. Lile la zamani liendelee na dagaa wake, ila tiba yoyote isiyothibitishwa na mhudumu ifutwe mara moja.

Anzeni na ukurasa wa dawa peke yake kwa miezi mitatu. Ukishazoeleka, usomeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji na mumwombe mfamasia wa wilaya apokee linki, ndipo mfungue ukurasa wa maoni. Ukikwama kwenye kupanga ruhusa, niandikie ukitaja kama unatumia simu au kompyuta, maana hatua zake zinatofautiana.