Fungueni picha kabla ya kufungua shingo

Vijana mnaoingia kitengo cha mishipa ya damu, wiki hii mmoja wenu ameniwasilishia tena mgonjwa kwa namba moja tu: karotidi ya kulia, ateri ya shingoni inayopeleka damu kichwani, imesinyaa asilimia 80, tayari kwa upasuaji wa kuondoa utando unaoiziba. Nilipouliza ateri inagawanyika usawa wa pingili gani ya shingo, alinitazama kana kwamba nimemdai kodi.

Kwanza, ripoti haitoshi. Jaribio la NASCET la mwaka 1991, lililopima upasuaji huu, lilionyesha kwamba kwa mgonjwa mwenye dalili za kiharusi na ateri iliyosinyaa asilimia 70 au zaidi, upasuaji hupunguza hatari ya kiharusi cha upande wa ateri hiyo ndani ya miaka miwili kutoka asilimia 26 hadi 9; lakini hiyo ni kinga, na mtu huja kwetu mkono wake ukiwa bado unafanya kazi. Tulikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani, aliyepigwa ganzi ya shingo tu, mkono wa kushoto ukiminya bata wa mpira anayelia, ili tujue kwamba ubongo unapata damu. Mwanafunzi wangu aliizungushia uzi ateri iliyokaa kando akiamini ni karotidi ya ndani, tawi linalopanda ubongoni, maana ndivyo vitabu vinavyochora, kisha akaivutavuta ile ya upande wa koo ili impishe. Nami nilikuwa papo hapo, nimeshikilia kingo za jeraha, nimeridhika. Kumbe mgawanyiko ulikuwa umejizungusha, na iliyovutwa ndiyo ya ndani. Hatukuwa tumeweka hata kibano kimoja cha kuzuia damu bata aliponyamaza. Juu ya uzi tuliona tawi linaloelekea kwenye tezi ya thairoidi, tukaliita tawi la ajabu, ilhali sote tunajua karotidi ya ndani haitoi tawi shingoni. Picha za CT zilikuwa kwenye kompyuta ya chumba hichohicho, hazijafunguliwa. Nguvu za vidole zilirudi nusunusu.

Pili, mgawanyiko ukiwa juu, mwambieni daktari wa usingizi mapema apitishe mpira wa kupumulia puani, taya lifunge na nafasi ipatikane. Ngozi ikishachanwa mmechelewa.

Tatu, picha ikionyesha karotidi ya ndani iliyojikunja, hukatwa mwanzoni mwake, ikageuzwa nje-ndani isafishwe, ikafupishwa na kushonwa upya.

Nne, neva ya haipoglosi, inayosogeza ulimi, wakati mwingine hushuka chini kuliko mnavyotarajia, kwa hiyo swali la "hii ni nini, daktari?" liulizwe kabla mkasi haujafunga.